Kuongeza Rangi na Kuondoa Rangi

Katika saluni za Gisenyi, nchini Rwanda, rangi nyingi unazoziona vichwani hazikupakwa na mtu yeyote. Zimo ndani ya meshi, zile nywele za bandia ambazo Dar es Salaam huitwa rasta, na huagizwa kwa namba. 1 ni nyeusi tititi, 1B ni nyeusi iliyopoa kidogo, 33 ina wekundu uliokolea, 27 ni ya asali, 613 ni manjano hafifu. Mteja hutaja namba, msusi huchanganya mafungu mawili katika msuko mmoja, na baada ya wiki kadhaa yote hufumuliwa. Weusi wa nywele zenyewe haukuguswa. Ninaanzia hapa kwa sababu vitabu vya fani ya rangi za nywele huanzia kwingine kabisa, na tofauti hiyo ina mengi ya kutufundisha.

Kwa mila ya Ulaya, kazi kubwa ni kuondoa. Katika karne ya 16 wanawake wa Venezia walikaa juu ya mapaa wakiwa wamevaa kofia zisizo na utosi, nywele zimelowa dawa na kutandazwa kwenye ukingo wa kofia, wakilingoja jua lizipaushe. Cesare Vecellio aliichora hali hiyo katika kitabu chake cha mavazi cha mwaka 1590. Louis Jacques Thénard alitengeneza peroksidi ya hidrojeni mwaka 1818, na katika maonyesho makubwa ya Paris ya 1867 ikaonyeshwa kuwa dawa ya kufifisha rangi ya nywele. Tangu hapo jua limehamia kwenye chupa. Ngazi ya fani nayo ikapangwa: daraja la 1 ni nyeusi, la 10 ni manjano iliyopauka. Namba inayofuata nukta hutaja mwelekeo wa rangi: 1 jivu, 3 dhahabu, 4 shaba, 6 nyekundu. Kwa hiyo fundi wa Paris akisoma 7.4 kwenye tyubu, anajua ni daraja la saba lenye shaba, hata kabla ya kuifungua. Huu ni usahihi wa kuheshimiwa.

Pwani yetu hufanya kinyume: huongeza. Majani ya mhina hukaushwa, husagwa, hukandwa kwa maji ya ndimu au chai, kisha huachwa mpaka rangi itoke. Rangi hiyo hushikamana na protini ya unywele bila kuondoa chochote kilichokuwemo. Ndiyo maana bakuli moja la hina humpa kila mtu rangi ya umri wake. Kwa msichana mwenye nywele nyeusi, wekundu huonekana juani tu. Kwa bibi mwenye mvi, rangi ya chungwa huwaka hata kivulini. Katika Uislamu jambo hili lina adabu zake. Hadithi inasimulia kwamba Abu Quhafa, baba yake Abu Bakr, aliletwa siku Makka ilipofunguliwa akiwa na kichwa cheupe, na Mtume akaagiza weupe ule ubadilishwe, lakini weusi uepukwe. Wanazuoni wametofautiana kuhusu uzito wa katazo hilo. Waswahili waliofika Gisenyi pamoja na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa watu wa desturi hiyo ya hina.

Walikuta nchi ambayo nywele zilisema kwa umbo. Amasunzu ilikatwa kwa wembe hadi zikabaki kingo ndefu zilizopinda kama mwezi mchanga, na kwa msichana ilikuwa alama kwamba hajaolewa. Akiolewa aliziacha nywele zikue, na akiwa mama alivaa urugori, utepe wa bua la mtama kuzunguka kichwa. Rangi haikupewa kazi yoyote katika mpango huo, na haikuhitajika, kwa kuwa mkato ulikuwa umeshasema yote.

Sasa mila hizi zote zinakutana kwenye kiti kimoja, na hapo ndipo fundi wa Gisenyi anapopimwa. Anachanganya unga wa blichi na maji ya oksijeni, yaani peroksidi, ya volyumu 20, sawa na asilimia 6. Wenye haraka hukimbilia 40, ambayo ni asilimia 12. Anapaka kuanzia katikati hadi ncha na kuacha mashina mpaka mwisho, kwa sababu joto la ngozi ya kichwa huharakisha dawa. Anafunga kwa foili, kisha anafunua kila baada ya dakika chache na kufuta kwa kidole aone. Weusi unafungua kwanza hudhurungi nyekundu, kisha nyekundu, kisha chungwa, kisha manjano. Kila hatua ina tona yake, dawa ya kurekebisha rangi: bluu huua chungwa, zambarau huua manjano. Nywele za Kiafrika zina umbo la duaradufu na mikunjo mingi, na kila mkunjo ni mahali pa kukatikia. Zikiwa zimeshatiwa dawa ya kunyoosha, fundi mwangalifu hukataa kazi. Hukataa pia, au huahirisha, akisikia kwamba mteja alipaka hina ya mchanganyiko yenye chumvi za metali, kwa kuwa ikikutana na peroksidi huweza kuchemka kichwani.

Hatari huvuka mpaka kutoka mila moja hadi nyingine. Piko, ile rangi nyeusi ya nywele ambayo pwani huchorea maua mikononi mwa bibi harusi, ina parafenilenediamini, ambayo Umoja wa Ulaya unairuhusu kwenye nywele kwa kiwango kisichozidi asilimia 2 na hairuhusu ichorewe kwenye ngozi. Wengi wamebaki na makovu. Hapa hina halisi inanyooshewa kidole bila kosa.

Nikilinganisha, naona ngazi ya Ulaya ni chombo kizuri kilichochongwa kwa kichwa kingine. Inauhesabu weusi kuwa daraja la chini kabisa, na inamfanya mteja wa Gisenyi aamini kwamba hajafika mpaka afike 10, ilhali njia hiyo inamgharimu nguvu ya unywele. Mbinu ya Kifaransa ya miaka ya 1970, balayage, inayopaka brashi kwa mkono huru bila kufunika kichwa kizima, inatufaa zaidi, mradi fundi akubali kusimama kwenye shaba. Shaba juu ya nywele nyeusi ni ndugu wa hina, na haihitaji tona ya kuificha.

Kwa walimu wa vyuo vya ufundi vya Rubavu, wilaya ya Gisenyi, nina ombi moja. Chapisheni chati ya rangi iliyopakwa kwenye nywele zetu, zenye mikunjo yake, iwe na safu ya hina, safu ya meshi kwa namba zake na safu ya blichi hadi shaba, na chini yake muandike kwa herufi kubwa: jaribu nyuma ya sikio, subiri saa 48.