Kazimoto na Kisiwa Chake

Msafiri atokaye Mwanza mjini kwenda Ukerewe kwa njia ya nchi kavu hupita Nyakato, hufuata barabara ya Musoma hadi Bunda, kisha hushika njia ya Kisorya, ambako kivuko humfikisha Rugezi. Umbali huo si mkubwa. Walakini katika riwaya ya Kichwamaji, iliyochapishwa Nairobi mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi alionyesha kwamba msomi aweza kufika kisiwani kwao asifike nyumbani.

Wako wahakiki waliomwona Kazimoto, msimulizi wa riwaya hiyo, kuwa mgeni aliyeletwa kutoka Ufaransa katika vitabu vya Sartre na Camus. Hapana shaka mwandishi aliwajua wanafalsafa hao. Lakini taa ya kuazima humulika nyumba iliyopo, haijengi nyumba. Kazimoto ni mzaliwa wa historia yetu.

Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, akasoma seminari ya Nyegezi, akahitimu chuoni Dar es Salaam mwaka 1970. Kizazi chake kililelewa na shule kikiahidiwa ukubwa, kisha kikaulizwa deni lake kwa wakulima. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu mia nne. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha, na pamoja nalo Elimu ya Kujitegemea. Swali la msomi ni wa nani lilikuwa la nchi nzima kabla halijawa la riwaya.

Fasihi iliyotangulia ilikuwa na jibu. Katika Utubora Mkulima cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1968, mtu huacha kazi ya mjini akaenda kulima, na utu wake ni bora kama jina lake. Jina la Kazimoto latangaza bidii. Naye twamkuta kwanza akingoja nje ya ofisi ya Manase, aliyesoma naye zamani, apate kuomba kazi ya likizo. Manase huyo ndiye aliyempa mimba Rukia, dada yake Kazimoto. Kazimoto aazimia kulipiza kwa Sabina, dada yake Manase. Mwisho wa hila zake ni kumpenda na kumwoa. Kisasi kimegeuka harusi! Msomaji acheka, na kicheko hicho ndicho mtego. Uasherati wa wasomi hawa una malipo yake: mtoto wa Manase ana kichwa kikubwa kupita kiasi, na mtoto wa Kazimoto azaliwa vivyo hivyo, afa. Baba yake ajiua. Jina la kitabu, lililosikika kama tusi la mtaani, limekuwa jina la maradhi.

Uzito wa mwisho huo hudhihirika tukumbukapo kwamba Ukerewe ilikuwa na riwaya nyingine. Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896, alimaliza kuandika kwa Kikerewe mwaka 1945 habari za Myombekere na Bugonoka, mume na mke waliotafuta mtoto kwa subira, kwa wakwe na kwa mganga, wakampata Ntulanalwo, kisha Bulihwali. Tafsiri yake mwenyewe ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1980. Yeye akafariki mwaka 1981 kabla nakala hazijamfikia. Kwa Kitereza, mtoto ni daraja baina ya waliokufa na watakaozaliwa. Kwa Kezilahabi, daraja limekatika, na aliyelikata ni yule aliyetumwa shule kwa fahari ya ukoo.

Kezilahabi alifariki Januari 2020. Si haki kumsoma kama mhubiri wa kukata tamaa tu. Mwandishi asiyejali hachoki kuchagua kicheko kichungu namna ile. Sisi tufundishao vyuoni, na ninyi msomao, hatuna budi kumsoma Kazimoto kama shahidi wa kesi inayotuhusu: elimu imtoayo mtoto kisiwani, isipomfundisha njia ya kurudi, imemfundisha nini?