Herufi Kubwa katika Anwani: Zilitoka Wapi?

Mwalimu mwenzangu, ni mara ngapi umesahihisha insha ya mtahiniwa aliyeandika "Kisima Cha Giningi"? Hiyo "Cha" ina historia yake, nayo inaanzia mahali ambapo herufi kubwa hazikuwapo kabisa.

Muswada wa Utenzi wa Tambuka ulioandikwa Pate mwaka 1728 ni wa hati za Kiarabu, na hati hizo hazina herufi kubwa wala ndogo. Hata anwani yenyewe haikuwa moja, kwani utenzi huo pia huitwa Chuo cha Herekali.

Herufi kubwa zilikuja na wamisionari walioandika Kiswahili kwa hati za Kirumi. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Sarufi yake ikachapishwa 1850, na ya Steere 1870. Krapf alikuwa Mjerumani, na Kijerumani huanza kila nomino kwa herufi kubwa. Steere alikuwa Mwingereza, na Waingereza huyakuza maneno mazito ya anwani wakayaacha madogo viunganishi na vihusishi. Mazoea ya Kiingereza ndiyo yaliyotuganda. William Hichens alipotoa Diwani ya Muyaka mwaka 1940, "ya" ilibaki ndogo, kama ilivyo katika Siku ya Watenzi Wote ya Shaaban Robert.

Nasi tuna sababu yetu. "Cha" huonyesha upatanisho wa ngeli tu. Mzigo wa maana unabebwa na "Kisima" na "Giningi". Basi andika "wa", "ya", "cha" na "na" kwa herufi ndogo, isipokuwa neno likianza anwani.

Lakini kosa linalogharimu zaidi ni jingine. Mtahiniwa anaandika: "utengano umemharibu Maimuna." Je, anazungumzia maudhui au riwaya ya Said Ahmed Mohamed ya mwaka 1980? Msahihishaji hana budi kukisia. Kwa Kusadikika (1951) herufi kubwa pekee haitoshi, maana hilo ni jina la kitabu na pia la nchi iliyomo kitabuni.

Wengine huandika anwani yote kwa herufi kubwa, pengine kwa kunakili jalada. (Jalada ni pambo la mchapishaji, si kielelezo cha sarufi.) Katika chapa anwani ya kitabu huandikwa kwa mlazo. Kwa mkono, mtahiniwa, ipigie mstari: Utengano wenye mstari ni riwaya, utengano usio na mstari ni maudhui.