Hesabu ya Pigo la Nyundo

Mwaka 1861, chini ya milima ya Alpi, mashine za mhandisi Germain Sommeiller zilianza kuchoronga mwamba kwa nguvu ya hewa iliyoshindiliwa. Handaki la Fréjus, lenye zaidi ya kilomita 12 kati ya Ufaransa na Italia, lilikuwa limeanzwa mwaka 1857 kwa nyundo za mkono. Lilifunguliwa mwaka 1871.

Kazi hiyo ikiendelea, mwaka 1867 Mfaransa Barré de Saint-Venant alichapisha hesabu za fito mbili zinazogongana ncha kwa ncha. Alionyesha kwamba pigo halienei kote papo hapo, bali husafiri kama wimbi. Ndani ya chuma, wimbi hilo hukimbia takriban mita 5,000 kwa sekunde.

Katika mashine za awali za kuchoronga, pistoni na mtaimbo, yaani fimbo ya chuma inayotoboa mwamba, vilikwenda pamoja. Miaka ya 1890, Mmarekani George Leyner alivitenganisha: pistoni ikawa nyundo huru inayogonga kitako cha mtaimbo. Tangu hapo, nguvu ya kuvunja jiwe ilibidi ipite kwanza ndani ya chuma ikiwa wimbi. Likifika nchani, sehemu yake huvunja mwamba na sehemu hurudi. Ncha isiposhikana vizuri na jiwe, mgandamizo hurudi ukiwa mvutano, nao huchosha chuma hadi kikatike.

Kanuni zilikuwepo, lakini mawimbi yanayokwenda na kurudi yalizidi uwezo wa kalamu. Njia ilitoka kwa wapigaji nguzo za misingi. Mwaka 1960 Mmarekani E. A. L. Smith alieleza namna ya kuigawa nguzo kuwa vipande vizito vilivyounganishwa kwa springi, kisha kuiachia kompyuta ihesabu mwendo wa kila kipande kwa hatua za takriban sehemu moja ya 4,000 ya sekunde.

Wachorongaji walikuwa na tatizo hilohilo la mawimbi. Charles Fairhurst wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliandika kuhusu mawimbi ya uchorongaji mwaka 1961, na miaka ya 1970 ilipoanza, yeye na William Hustrulid walilinganisha nadharia na vipimo vya maabara. Mwaka 1985 Bengt Lundberg wa Sweden alionyesha kwamba kuiga mawimbi hayo kunawezekana hata kwenye kompyuta ndogo. Sasa mhandisi aliweza kurefusha pistoni, kuipunguza unene au kuongeza maungio ya mtaimbo, na kuona nguvu kiasi gani inafika kwenye jiwe, kabla ya kufua chuma chochote.

Katika programu hizo za kuiga, mwamba wenyewe uliwakilishwa kwa mistari miwili tu: nguvu inavyopanda ncha ikizama, na inavyoshuka ncha ikiachia. Mwaka 2004 David Potyondy na Peter Cundall walichapisha mfano unaoujenga mwamba kwa chembe nyingi zilizogandishwa pamoja, hivyo nyufa huzaliwa zenyewe gundi inapoachia.

Hapo ndipo ugumu ulipohamia. Chuma tunakitengeneza wenyewe na tabia yake tunaijua. Mwamba umekuja na nyufa zake, maji yake na madini yake. Kompyuta hufuata wimbi kwa uaminifu mkubwa, ila ugumu wa jiwe lazima uambiwe, na anayeweza kuuambia ni yule aliyelipima jiwe lenyewe.