Anayekucheka Ndiye Anayekuzika

Siku tuliyomzika babu yangu, Ilala, mwaka 1987, marehemu alitoka chumbani kwake akitembea. Alivaa koti lake la kaki lenye kiraka kiwikoni, kofia imeinamia jicho la kushoto, bakora mkononi. Akakohoa kile kikohozi chake cha kuwatisha wajukuu, akauliza nani kachomoa betri za redio yake. Kisha akaanza kudai madeni uani: wewe shilingi mia mbili, wewe jogoo, na wewe shemeji, mkungu wa ndizi uliouahidi tangu Idi ya mwaka juzi uko njiani au umeota tena? Msiba mzima ukavunjika mbavu. Shangazi, aliyelia tangu alfajiri mpaka sauti ikakauka, alicheka huku ameshika ukuta asianguke.

Ndani ya koti lile alikuwamo bibi mmoja wa Kizaramo kutoka Kisarawe. Sisi kwa baba ni Wanyamwezi, na bibi yule alikuwa mtani wetu.

Wenzake wanaume walikuwa wametangulia makaburini na majembe. Mmoja alibaki, na jeneza lilipotaka kutoka, akakaa chini kizingitini: hapiti mtu mpaka alipwe. Baba mdogo akatoa noti. Mtani akaigeuzageuza juani, akasema hiyo ni nauli ya kumzika kuku, si Mnyamwezi mzito kama huyu. Akaongezewa, akasimama, akawa wa kwanza kutia bega chini ya jeneza.

Naandika hadithi mwaka wa thelathini sasa, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: vichekesho unavitoa wapi? Jibu langu ni refu kidogo, kwa sababu linaanzia Tabora na kwenda kwa miguu.

Katika karne ya 19 Wanyamwezi walikuwa mabingwa wa kubeba mizigo kati ya bara na pwani. Walishuka na pembe za ndovu mpaka Bagamoyo, wakapanda na nguo za merikani na kaniki, shanga na nyaya. Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili, zaidi ya kilo 30, bila kuhesabu mkeka, sufuria na chakula cha mpagazi mwenyewe. Safari ilichukua kama miezi mitatu. Kijana ambaye hajaiona bahari alihesabiwa bado mtoto, hata awe na ndevu.

Sasa fikiria kijana huyo anapokaribia pwani. Yumo Uzaramo, mwezi wa tatu njiani, miguu imepasuka, homa imempanda. Hana ndugu hapo. Akiishiwa chakula ataomba kwa nani? Akifa, nani atamzika? Utani ulijibu maswali hayo. Wazaramo na Wanyamwezi, watu waliokuwa na kila sababu ya kutiliana shaka, wakawekeana desturi: mtani ana haki ya kukutukana, kukuita mtumwa wake, kuingia kwako na kuondoka na kuku bila kuomba, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Haki hiyo ilikuja na wajibu. Mtani akilala njaa mlangoni kwako, aibu ni yako. Akifa, jembe ni lako.

Kusini palikuwa na hadithi kali zaidi. Wangoni na Wahehe walipigana vita vya kumwaga damu kati ya mwaka 1878 na 1882 hivi, wala hakuna aliyemmaliza mwenzake. Wajukuu wa wapiganaji hao leo ni watani. Mngoni na Mhehe wakikutana kwenye basi la Songea, abiria wengine wanahesabu safari imekuwa fupi: huyu atamwuliza mwenzake habari za nyama ya mbwa, yule atamjibu kwa habari za nyama ya panya, na mpaka Makambako hakuna mboga iliyosalia bila kutajwa.

Njia ile ya misafara iliniachia pia maneno, na mimi ni mwokota maneno. Hongo, kwa mfano. Zamani ilikuwa ushuru wa wazi. Msafara ukipita katika nchi ya mtemi ulilipa nguo kadhaa ndipo ukaruhusiwa kupita na kuteka maji, na Ugogo, ambako maji ni ya shida, hongo ilikuwa kubwa na mabishano yake marefu. Leo ni neno la kunong'ona. Posho nayo ilikuwa kipimo cha chakula cha mpagazi. Siku hizi nimeona mabwana wakubwa wakikaa semina kutwa nzima, hawakubeba hata kalamu, na swali la kwanza wanalouliza ni posho. Sihitaji kutunga kichekesho hapo. Naweka neno la zamani mdomoni mwa mtu wa leo, halafu nakaa pembeni.

Reli ya kati ilipofika Tabora mwaka 1912, kazi ya kubeba mizigo masafa marefu ilianza kufa. Vita ya Kwanza ya Dunia ikaifufua kwa ukatili: Waingereza na Wajerumani waliswaga watu kwa maelfu kubeba risasi na unga, na wengi mno hawakurudi. Jeshi la wapagazi la Waingereza liliitwa Carrier Corps. Dar es Salaam walipiga kambi mahali fulani, na midomo yetu ikalitafuna jina mpaka likawa Kariakoo. Kila anayekwenda kununua nyanya pale anataja wapagazi bila kujua.

Baadaye zikaja enzi za manamba, vijana waliosombwa kwa mikataba kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro, kila mmoja na namba yake. Huko nako mtu alikuwa mbali na kwao, kama mpagazi wa zamani, na maswali yakawa yale yale: nani atanilisha, nani atanizika? Utani ukahamia makambini, ukaingia mijini. Ndiyo maana msiba wa Ilala mwaka 1987 ulikuwa bado na mtu wa kulivaa koti la babu.

Na utani haujaisha, umebadili jezi. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, Simba mwaka 1936, zote watoto wa Kariakoo, na watangazaji hawaziiti maadui. Wanaziita watani wa jadi. Nenda kijiweni asubuhi baada ya mechi. Utamkuta aliyefungwa amejifunika gazeti, muuza kahawa anamwuliza kama leo anakunywa au anafuturu machozi. Atakasirika? Akikasirika, amefungwa mara ya pili. Hadithi zangu tatu zimeanzia kwenye benchi moja la kahawa, kwa gharama ya vikombe viwili na kipande cha kashata.

Lakini si kila kilichonichekesha kilikuwa halali yangu, na hili sikufundishwa na kitabu.

Nilipokuwa bado kijana wa uandishi, mtaani kwetu palikuwa na fundi cherehani aliyeahidi kila nguo "kesho saa nne". Harusi zilipita, maharusi walifunga ndoa kwa suti za kuazima, na kesho saa nne haikufika. Nikamwandika. Nilibadili jina, nikaacha kila kitu kingine: futi shingoni, kiguu chake, namna alivyouma sindano wakati wa kusema uongo. Hadithi ikatoka gazetini na mtaa mzima ukacheka. Fundi hakucheka. Aliacha kuitikia salamu yangu, na watoto wakaanza kumwigiza akipita, mpaka na kile kiguu.

Nikaenda kwa shangazi kujitetea. Nikasema ule ulikuwa utani tu. Shangazi alikuwa anachambua mchele, hakuinua macho.

"Mtani wako tangu lini? Umeshamchimbia nani kaburi kwao?"

Sikuwa na jibu. Mwaka ule ule fundi alikuwa amefiwa na mama yake, nyumba ya nne kutoka kwangu, nami nilituma rambirambi kwa mtoto kwa sababu nilikuwa namalizia sura ya pili. Nilichukua haki ya mtani, ya kucheka na kuigiza, nikauacha wajibu wake uvunguni. Bibi wa Kisarawe aliuigiza mwendo wa babu mbele ya jeneza, lakini ukoo wake ulikuwa makaburini tangu alfajiri, mikono imepasuka malengelenge.

Nilimwendea fundi na kitambaa cha suruali. Tulikaa kimya kitambo. Mwishowe akanipima kiuno, akaniambia nije kesho saa nne. Nilikwenda, na kesho yake, na kesho yake tena, kwa wiki tatu. Siku ya mwisho tulicheka wote wawili, na suruali ilikuwa imenibana.

Tangu hapo nina kipimo kimoja, nami nakikabidhi kwa vijana wanaoniletea miswada yao yenye vituko vya majirani. Kabla hujamcheka mtu kwenye karatasi, nenda kwake. Kaa msibani pake, shika jembe au sahani, jua deni lake na jogoo wake. Ukirudi ukakuta bado unataka kumcheka, mcheke. Utamcheka vizuri zaidi, na yeye atakuwa wa kwanza kuwasomea wenzake hadithi yako kijiweni.

Ama koti la babu, hatukulipata tena. Bibi yule alipanda nalo gari la Kisarawe siku ya tatu, amelivaa vile vile, kofia imeinamia jicho la kushoto. Hakuna aliyemdai. Ni haki ya mtani.