Mzima hadi Mbamba Bay: Wazamiaji walivyofumbua siri ya maji baridi

Kiboko hapendi mgeni kwenye maji yake. Alan Root na mkewe Joan walilijua hilo kabla ya kuzama katika chemchemi ya Mzima, ndani ya hifadhi ya Tsavo Magharibi nchini Kenya, na bado walizama. Katika moja ya kazi zao pale, kiboko dume aliwajia chini ya maji. Jino lake lilivunja kioo cha barakoa ya Joan, uso ukasalimika. Kisha akamgeukia Alan, akamng'ata mguu na kumtikisa, akamwachia tundu kwenye shavu la mguu. Alan alipelekwa Nairobi kutibiwa, akapona na kurudi kwenye kamera zake.

Watu wengi wanaowakumbuka wapiga filamu hao wa Naivasha humkumbuka kwanza kiboko huyo. Lakini jambo kubwa walilolifanya Mzima lilikuwa la utulivu zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 walikaa chini ya maji ya chemchemi ile na kupiga filamu ya maisha yake, na filamu yao ikawaonyesha watazamaji wa televisheni jambo ambalo mtu aliyesimama ukingoni hawezi kuliona: kwamba chemchemi hailishwi na maji yake peke yake. Inalishwa na nchi kavu.

Somo hilo limejirudia kila mahali ambapo wazamiaji wameingia katika maji baridi ya Afrika Mashariki. Limefika hata kwenye miamba ya Ziwa Nyasa, chini ya milima ya Umatengo, na huko ndiko linakomhusu mkulima wa Mbuji au Litembo, huko milimani, ambaye pengine hajawahi kuvaa mtungi wa hewa wala hana mpango huo.

Kiboko kama mkokoteni

Mzima ni mahali padogo. Mvua na ukungu wa vilima vya Chyulu, kaskazini yake, hunywewa na majivu na mawe ya volkano, maji yakachujwa polepole chini ya ardhi, kisha yakaibuka Mzima yakiwa maangavu kama kioo. Hutoka zaidi ya lita milioni 200 kwa siku. Sehemu yake huingia kwenye bomba linalopeleka maji Mombasa, bomba lililojengwa katika miaka ya 1950. Yanayobaki hutiririka mwendo wa kilomita mbili hivi, yakakutana na ukuta wa mawe ya volkano, yakazama tena ardhini kabla ya kuutafuta mto Tsavo.

Maji yaliyochujwa kiasi hicho hayana chakula kingi ndani yake. Hata hivyo Mzima imejaa samaki, mamba, fisi maji na ndege. Chakula kinatoka wapi? Anayekileta ni kiboko. Usiku hutoka majini kwenda malishoni, na mmoja anaweza kula kiasi cha kilo 40 za majani kabla ya alfajiri. Mchana hushinda majini na kuyatoa majani hayo kama kinyesi. Samaki wa jamii ya ningu humzunguka, wakala kinyesi hicho, wakamsugua ngozi kwa midomo na kumsafisha hata kinywani. Wadudu wa majini hula mabaki, samaki wadogo wakala wadudu, na wakubwa wakafuata. Kiboko ni mkokoteni unaobeba mbuga usiku na kuimwaga majini mchana.

Karibu miongo mitatu baadaye wapiga filamu wengine wawili, Mark Deeble na Victoria Stone, waliweka kambi Mzima kwa muda mrefu na kuzama tena na tena. Filamu yao ya mwaka 2001 iliendeleza pale Alan na Joan walipoishia. Funzo likawa lile lile: ukame ukikausha malisho ya nje, chemchemi huumia hata kama maji yake hayajapungua. Mwaka 2009, ukame ulipoipiga Tsavo, viboko wengi wa Mzima walikufa kwa njaa huku maji yakiendelea kububujika.

Mtungi ulivyobadili elimu ya samaki

Kupiga mbizi si jambo geni kwetu. Watu wa Pwani wamezama kwa pumzi moja tangu zamani kutafuta pweza na makombe, na mvuvi wa Nyasa ambaye wavu wake umenasa mwambani hujitosa kuunasua. Kilichokuwa kigeni ni kukaa chini. Mwaka 1943, nchini Ufaransa, ofisa wa jeshi la majini Jacques Cousteau na mhandisi Émile Gagnan walitengeneza kifaa kinachompa mzamiaji hewa ya mtungi kwa kadiri ya mgandamizo wa maji yanayomzunguka. Mtu akishuka mita 10 tu, mgandamizo unakuwa maradufu ya ule wa juu. Pasipo kifaa hicho, kifua kingeshindwa kuvuta hewa.

Katika maji baridi kuna mambo mawili ya ziada. Maji yasiyo na chumvi ni mepesi kidogo kuliko ya bahari, kwa hiyo mzamiaji hahitaji risasi nyingi kiunoni ili azame. La pili ni mwinuko. Uso wa Ziwa Nyasa uko zaidi ya mita 470 juu ya usawa wa bahari, na wazamiaji wanaokwenda juu ya mita 300 hutakiwa kurekebisha hesabu zao za muda wa kukaa chini na wa kupanda, la sivyo hewa ya naitrojeni hufanya mapovu ndani ya damu.

Kabla ya mtungi, elimu ya samaki wa Nyasa ilikuwa elimu ya wavu na chupa. David Livingstone alifika ziwani Septemba 1859, na samaki waliokusanywa katika msafara wake na John Kirk walipelekwa London. Mwaka 1922 Charles Tate Regan aliandika orodha ya samaki wa ziwa hili. Mwaka 1935 Ethelwynn Trewavas, wa jumba la makumbusho la London, aliipanua sana kwa kutumia mkusanyo mkubwa wa Cuthbert Christy. Kazi hizo zinaheshimiwa hadi leo. Lakini samaki akilazwa kwenye dawa ya kuhifadhia, rangi yake huondoka. Bluu, njano na nyekundu zote huishia kuwa kahawia moja. Ndiyo maana samaki wengi ambao ziwani hawafanani hata kidogo walionekana ndugu walipolala pamoja kwenye chupa.

Katika miaka ya 1950 Geoffrey Fryer, akiwa Nkhata Bay upande wa magharibi wa ziwa, alianza kuwachunguza samaki wa miambani pale pale wanapoishi: nani anakula nini, na wapi. Baada ya hapo wakaja wafanyabiashara wa samaki wa mapambo, waliotuma wazamiaji kuwakamata mbuna, yaani samaki hao wadogo wa miambani, wakiwa hai ili wauzwe Ulaya na Marekani. Kisha Tony Ribbink na wenzake walizama kwa mitungi kwenye miamba ya upande wa Malawi, wakahesabu samaki eneo kwa eneo na kuandika rangi na tabia zao. Ripoti yao ya mwaka 1983 ilionyesha mbuna wengi ambao sayansi ilikuwa haijawapa jina. Malawi ilikuwa imekwisha kutenga Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Malawi mwaka 1980, na mwaka 1984 UNESCO iliiweka katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Leo wataalamu wanakadiria kuwa ziwa lina aina kati ya 700 na 1,000 za samaki, na walio wengi hawapatikani mahali pengine popote duniani.

Hongi, Lundo na majina yaliyosafiri

Pwani ya Ruvuma, upande wa Tanzania wa ziwa, ilichelewa kufikiwa na wazamiaji. Katika vitabu vya historia, Liuli, iliyo kwenye pwani hiyo, inajulikana zaidi kwa mapigano ya Agosti 13, 1914, meli ya Kiingereza Gwendolen ilipoishambulia meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Wajerumani waliita mahali hapo Sphinxhafen kwa sababu ya mwamba wake mkubwa.

Kwa mbuna, miamba ya namna hiyo ndiyo makazi. Mbuna hukwangua mwani unaoota kwenye mawe, na dume hulinda eneo lake ambalo huenda halizidi jiwe moja. Jike hubeba mayai na vifaranga kinywani kwa takriban wiki tatu, wala hawaachi waelee mbali. Mchanga ukitenganisha miamba miwili, mbuna wengi hawavuki. Ndiyo sababu kila kisiwa na kila rasi hutoa rangi zake.

Ad Konings, Mholanzi ambaye ametumia maisha yake kuzamia ziwa hili na kuandika vitabu juu yake, alifika pia upande wa Tanzania, na wafugaji wa samaki wa mapambo wakaanza kutaja majina ya kwetu. Huko Ujerumani au Marekani mtu anayeulizia "Hongi" dukani haulizii kisiwa kilicho karibu na Liuli. Anaulizia samaki mdogo aliyetoka kwenye miamba yake. Lundo na Mbamba Bay nazo zimebandikwa kwenye vioo vya samaki kwa namna hiyo hiyo. Wavuvi wa Kimanda, Kimpoto na Kinyasa, ambao riziki yao ni usipa, mbasa na magege, huwaona samaki hao kuwa wadogo mno kwa sufuria.

Tope na macho ya jike

Hapa ndipo habari inapogeuka kupanda mlima, ingawa inaanzia ziwa jingine. Mwaka 1997 Ole Seehausen, Jacques van Alphen na Frans Witte walichapisha utafiti walioufanya katika Ziwa Victoria, upande wa Mwanza. Huko pia samaki wa jamii moja na mbuna huchaguana kwa rangi: jike humtambua dume wa aina yake kwa kumwona. Maji yakichafuka, mwanga wa rangi hupungua na jike hukosea. Aina mbili zikaanza kuzaana, na baada ya muda kinachobaki ni samaki mmoja wa kijivu mahali palipokuwa na kadhaa. Hawakumalizwa na nyavu wala na sangara peke yake. Maji machafu nayo yaliwafuta.

Katika Nyasa hatari ina sura ya pili. Tope likitua juu ya mawe, hufunika mwani ambao mbuna hukwangua. Mbasa naye hupanda mito kama Ruhuhu kwenda kutaga kwenye changarawe safi. Changarawe ikizibwa na udongo, mayai hukosa hewa. Udongo huo hautoki ziwani. Unatoka kwenye miteremko.

Wamatengo walikuwa na jibu kabla ya mzamiaji wa kwanza. Kwenye miteremko mikali ya milima yao hulima ngoro. Nyasi hufyekwa mvua zikielekea ukingoni, zikalazwa kwa mistari inayokatizana hadi shamba likawa na miraba. Kisha udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kufunika nyasi, kazi ambayo kwa desturi imekuwa ya wanawake. Inabaki safu ya mashimo yenye kingo zilizoinuka. Maharage hupandwa kwenye kingo, na nyasi zilizofunikwa huoza na kuwa mbolea. Mvua kubwa ikija, kila shimo hupokea maji yake na udongo wake, na kinachomwagika huangukia shimo la chini yake. Maji hunywewa na mlima badala ya kuukwangua, na chemchemi za mabondeni huendelea kutoka kiangazi.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Japani waliifuatilia ngoro katika miaka ya 1990 na kuisifu kama kinga ya mmomonyoko. Lakini ngoro inachosha, na inahitaji shamba lipumzike ili nyasi ziote. Ardhi ikigawanywa kwa watoto wengi, vijana wakihamia mashamba mapya ya miombo au kulima matuta ya haraka, miteremko hubaki wazi.

Nani atahesabu?

Barabara ya lami kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay imekamilika, na bandari mpya inajengwa. Wageni watakuja, na baadhi watataka kuzama. Waambiwe ukweli: mawimbi ya msimu wa upepo wa Mwera si ya kuchezea, midomo ya mito ina mamba na viboko, na maji yaliyotulia kwenye matete yana kichocho. Miamba iliyo mbali na mito ndiyo salama zaidi, na ndiyo yenye maji maangavu.

Hata hivyo faida kubwa ya wazamiaji kwa Ruvuma haitakuwa ada ya boti. Upande wa Malawi una hesabu za miaka zaidi ya 40 za kulinganishia, na una hifadhi. Upande wa Tanzania wa ziwa hauna hifadhi ya taifa ya chini ya maji hata moja. Wilaya za Mbinga na Nyasa, pamoja na watafiti wa samaki, zingeweza kuanza na jambo dogo: kuwafundisha vijana wachache wa Liuli na Mbamba Bay kuzama, kisha kuwapa miamba michache, mingine karibu na midomo ya mito na mingine mbali, waihesabie mbuna na kupima tope kila mwaka mvua zikiisha.

Mizani ya sokoni humwambia mkulima wa Mbuji kama amevuna; haimwambii udongo wake ulikoishia. Hesabu za miambani zingemwambia, na zingempa hoja ya kudai kwamba anayelinda mteremko kwa ngoro anafanya kazi ya ziwa pia, na anastahili kulipwa sehemu ya kile ambacho wageni wa ziwa wataleta.