Spiderland

Spiderland ni albamu ya pili na ya mwisho ya Slint, bendi ya roki mbadala kutoka mji wa Louisville, jimbo la Kentucky, nchini Marekani. Ilirekodiwa Agosti 1990 mjini Chicago na kutolewa Machi 1991 na lebo ya Touch and Go Records. Ina nyimbo 6 na huchukua muda wa dakika 39 na nusu hivi. Wakati inatoka, bendi ilikuwa imekwisha kuvunjika, na watu wachache tu waliinunua. Hata hivyo, miaka iliyofuata ilikuja kuhesabiwa kati ya albamu zilizobadilisha namna ya kupiga muziki wa roki, hasa kwa jinsi inavyotumia ukimya, maneno yanayosemwa badala ya kuimbwa, na mapigo yasiyo ya kawaida.

Historia ya bendi

Louisville ni mji ulio kando ya mto Ohio, mpakani na jimbo la Indiana. Nje ya Marekani unajulikana zaidi kama mahali alipozaliwa bondia Muhammad Ali. Katika miaka ya 1980 kulikuwa na vijana wachache mjini humo waliopiga muziki wa panki, na wengi wao walijuana. Miongoni mwao walikuwa Brian McMahan na Britt Walford, marafiki tangu utotoni, ambao walipitia bendi ya Squirrel Bait wakiwa bado wanafunzi.

Slint iliundwa mwaka 1986. Walford alipiga ngoma, David Pajo gitaa na Ethan Buckler gitaa la besi. McMahan alijiunga nao baadaye kidogo kama mpiga gitaa na mwimbaji. Albamu yao ya kwanza, Tweez, ilirekodiwa mwaka 1987 chini ya fundi wa sauti Steve Albini, ikatolewa mwaka 1989 na lebo ndogo ya Jennifer Hartman Records. Nyimbo zake 9 zilipewa majina ya wazazi wa wanabendi, isipokuwa moja iliyopewa jina la mbwa wa Walford. Buckler hakuridhika na namna albamu hiyo ilivyorekodiwa, akaondoka na kuunda bendi yake ya King Kong. Nafasi yake ilichukuliwa na Todd Brashear.

Kurekodiwa

Nyimbo za Spiderland zilitungwa na kufanyiwa mazoezi kwa muda mrefu katika chumba cha chini cha nyumba ya wazazi wa Walford. Wanabendi walirudia kila kipande mara nyingi, hata wakakubaliana juu ya mambo madogo.

Kazi ya studio, kinyume chake, ilikuwa fupi. Agosti 1990 waliingia katika studio ya River North Recorders mjini Chicago pamoja na mtayarishaji Brian Paulson, na kumaliza kwa siku 4. Vyombo vilipigwa kwa pamoja, kama jukwaani, bila marekebisho mengi baadaye. Maneno ya nyimbo yalikamilishwa mwishoni kabisa. Wakati huo wanabendi walikuwa na umri wa miaka 20 hivi.

Muziki

Nyimbo nyingi za roki huhesabiwa kwa mapigo 4, na msikilizaji huweza kupiga makofi bila kufikiri. Slint walivunja mazoea hayo. Wimbo wa "Nosferatu Man", kwa mfano, una sehemu zinazohesabiwa kwa mapigo 5. Anayejaribu kuufuata kwa makofi hujikuta amepotea, na hali hiyo ya kutokuwa na uhakika inaendana na hadithi inayosimuliwa.

Jambo la pili ni tofauti kubwa kati ya sauti ndogo na sauti kubwa. Magitaa hupigwa taratibu, kila uzi ukisikika peke yake, kisha ghafla yanapazwa na kukwaruzwa kwa umeme, na baada ya muda hurudi kwenye utulivu. Kwa kuwa msikilizaji hajui mabadiliko yatakuja lini, hata sehemu za kimya huwa na wasiwasi ndani yake.

Jambo la tatu ni sauti ya mtu. Kwa sehemu kubwa McMahan haimbi, bali anasimulia kwa sauti ya chini kama anayezungumza na mtu aliye karibu. Mara nyingine sauti yake inazidiwa na vyombo, na msikilizaji hulazimika kutega sikio. Anapopaza sauti mwishoni mwa albamu, kilio hicho kina uzito kwa sababu kimetanguliwa na zaidi ya nusu saa ya kujizuia.

Orodha ya nyimbo

1. "Breadcrumb Trail": msimulizi anatembelea uwanja wa michezo na maonyesho, anakutana na mwanamke mpiga ramli, na wanapanda pamoja gari la reli linalopanda na kushuka kwa kasi.
2. "Nosferatu Man": hadithi ya mnyonya damu anayeishi katika ngome. Jina linatokana na Nosferatu, filamu ya Kijerumani isiyo na sauti iliyoongozwa na F. W. Murnau mwaka 1922.
3. "Don, Aman": wimbo usio na ngoma. Unamhusu mtu anayejiona mgeni katikati ya watu anaowafahamu. Maneno yake yanasemwa na Walford, kwa sauti inayokaribia mnong'ono.
4. "Washer": wimbo mrefu kuliko yote, karibu dakika 9. Ni wa polepole na una hali ya kuaga.
5. "For Dinner...": wimbo wa vyombo vitupu, bila maneno.
6. "Good Morning, Captain": nahodha aliyenusurika katika ajali ya meli anafika kwenye mlango wa nyumba na kuomba afunguliwe, na ndani yumo mtoto. Wachambuzi wengi huulinganisha na utenzi wa Mwingereza Samuel Taylor Coleridge juu ya baharia mzee. Unamalizika kwa kilio cha kumkosa mtu.

Jalada

Picha ya jalada ni ya rangi nyeusi na nyeupe. Inaonyesha vichwa vya wanabendi wanne vikitokeza juu ya maji katika machimbo ya mawe yaliyojaa maji huko Utica, Indiana, ng'ambo ya mto kutoka Louisville. Ilipigwa na rafiki yao Will Oldham, ambaye baadaye alikuwa mwanamuziki mashuhuri kwa jina la Bonnie 'Prince' Billy. Upande wa mbele hauna jina la bendi wala la albamu. Upande wa nyuma uliwekwa tangazo la kuwaalika waimbaji wa kike waandike barua kwa bendi. Barua zilipoanza kufika, bendi yenyewe haikuwapo tena.

Kuvunjika kwa bendi na mapokezi

Miezi michache baada ya kurekodi, kabla albamu haijatoka, McMahan alijiondoa, na wenzake hawakuendelea bila yeye. Safari ya maonyesho barani Ulaya iliyokuwa imepangwa haikufanyika. Touch and Go waliitoa albamu hivyo hivyo, bila maonyesho na bila bendi ya kuitangaza. Haikuingia katika chati za mauzo.

Mwaka huohuo wa 1991 ndio roki mbadala ilipotoka vichochoroni na kuteka soko kubwa, hasa kupitia Nevermind ya Nirvana iliyotoka Septemba. Nevermind nayo ilitumia tofauti ya sauti ndogo na kubwa, lakini ilikuwa na viitikio vinavyokaa kichwani kwa urahisi, kampuni kubwa nyuma yake na video katika televisheni. Spiderland haikuwa na hata kimoja kati ya hivyo.

Mmoja wa wachache walioiandika mapema alikuwa Steve Albini. Katika gazeti la muziki la Uingereza, Melody Maker, aliipa nyota 10, akawaambia wasomaji kwamba baada ya miaka 10 itakuwa albamu ya kihistoria na watu wataitafuta kwa shida. Kwa kuwa ndiye aliyerekodi Tweez, maneno yake yangeweza kuchukuliwa kuwa upendeleo wa rafiki. Wakati ulionyesha kwamba alikadiria vizuri.

Athari

Albamu ilienea polepole, kutoka kwa mpenzi mmoja wa muziki hadi mwingine. Mwaka 1994 Touch and Go walitoa nyimbo mbili za Slint zilizokuwa zimebaki, "Glenn" na "Rhoda". Mwaka 1995 "Good Morning, Captain" iliwekwa katika mkusanyiko wa nyimbo za filamu ya Kids, na hivyo ikawafikia vijana wengi ambao hawakuwahi kulisikia jina la bendi.

Kufikia hapo wachambuzi walikuwa wakihitaji majina mapya. Mwaka 1994 mwandishi Mwingereza Simon Reynolds alieneza jina la posti-roki, yaani muziki unaotumia vyombo vya roki kwa makusudi yasiyo ya roki. Jina lingine lililotumika ni roki ya hesabu, kutokana na mapigo yake yanayohitaji kuhesabiwa. Spiderland hutajwa kama chimbuko mojawapo la aina zote mbili. Athari yake husikika katika kazi za Mogwai wa Uskoti na Godspeed You! Black Emperor wa Kanada, ambao nao hujenga nyimbo ndefu kutoka kwenye kimya hadi kelele.

Wanabendi baadaye

Pajo alijiunga na Tortoise, kisha akapiga na Zwan na kutoa nyimbo zake kwa jina la Papa M. McMahan aliunda The For Carnation. Walford alikuwa amekwisha kusikika katika Pod (1990), albamu ya kwanza ya The Breeders, lakini kwa jina la bandia la Shannon Doughton. Brashear aliendesha duka la kukodisha video mjini Louisville.

Mwaka 2005 McMahan, Pajo na Walford walirudi jukwaani kama Slint, na bendi ilichaguliwa kuandaa tamasha la All Tomorrow's Parties nchini Uingereza. Mwaka 2007 waliipiga Spiderland yote, mwanzo hadi mwisho, katika maonyesho kadhaa. Mwaka 2014 ilitolewa upya katika kasha maalumu, pamoja na filamu ya hali halisi ya Lance Bangs iitwayo Breadcrumb Trail. Hawajatoa albamu ya tatu.