Bweranyange na Kamera Isiyofika

Katika zama hizi ambapo mpiga picha aweza kusimamisha juu ya kilima cha Karagwe, au cha Kyerwa iliyomegwa kutoka humo mwaka 2012, kamera inayonasa pande zote kwa mara moja, yafaa ikumbukwe kwamba chombo cha picha kilianza safari ya kuja huko tangu 1860, kisifike. James Augustus Grant, Mskochi aliyefuatana na John Hanning Speke katika msafara wa kwenda bara, alipiga picha Unguja mwaka huo. Lakini barani, joto la kihema alimotayarishia vioo vyake vya picha lilimdhoofisha, hata Speke, akihofia uhai wa sahibu yake, akaiondoa kamera katika msafara, na kwa rai yangu aliamua sawasawa.

Basi walipowasili Bweranyange, makao ya Mukama Rumanyika, mtawala wa Karagwe, Novemba 1861, Grant alitegemea mkono wake tu. Maradhi ya mguu yakamzuia kuendelea na safari. Speke akatangulia Buganda Januari 1862, naye Grant akabaki hadi Aprili. Na michoro yake ya rangi za maji ya safari ile imehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Scotland. Mchoraji, alhasili, ana ruhusa asiyokuwa nayo mpiga picha wa leo: huchagua upande mmoja, mizigo na wapagazi akawaacha nyuma ya mgongo wake. Kamera ya duara haina mgongo. Kwa hiyo mwenye kuitumia huko ajifiche nyuma ya migomba, asiweke kitu karibu nayo kisije kikakatika penye maungio ya picha, na apige asubuhi, jua lingali chini.